Mpaka wa Kitambaa

Ilikuwa nyuma ya sahani za bati,
ndani ya ala ya kadibodi nyekundu iliyopauka,
kwenye kabati la shangazi Geesche, mjini Uelzen,
wiki mbili baada ya maziko.
Wiebke aliivuta kwa vidole viwili
kama amtoaye paka chini ya kitanda.

Ufalme wa Hanova:
vipande ishirini na vinne vya karatasi
vilivyogundishwa juu ya kitani,
na kati ya kipande na kipande, upenyo
mwembamba kama punje ya shayiri,
ili nchi ikunjwe isivunjike mgongo.
Akaikunjua. Meza haikutosha.
Bahari ya Kaskazini ikaning'inia hewani,
Göttingen ikamwangukia mapajani.

Rangi ilipakwa kwa mkono, na mkono ulichoka:
Lüneburg waridi, kingo zake zimevuja;
Osnabrück manjano, sasa imekuwa chai.
Aliyeipaka hakujua kwamba
baada ya miaka michache, kiangazi kimoja,
ufalme wote ungekunja jamvi
na bendera ya jirani ingepanda mlingoti uleule.

Harm Lührs alijua, ila baadaye.
Huyu ndiye babu mzaa babu wa shangazi,
mshika boriti wa barabara kuu,
aliyehesabu magurudumu, si abiria.
Siku ile aliinua boriti, wanajeshi wakapita,
akaishusha.
Kesho yake akaletwa daftari jipya, muhuri mpya,
farasi walewale.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi;
kufa kwa ufalme si mwisho wa ushuru.

Katika lugha ninayoandikia
mpaka ni ukingo wa nchi
na mpaka ni kungoja: mpaka lini, mpaka nani.
Harm hakuwa na neno hilo. Alikuwa na penseli.

Kijiji chake, Ohlendiek, kilianguka penye upenyo.
*Ohlen* imebaki kipande cha kumi na moja,
*diek* imerukia cha kumi na mbili,
na katikati, pale alipozaliwa,
kitani kitupu.
Msu wa fundi ulipita bila chuki;
kisu hakijui kusoma.

Basi Harm akachora juu ya kitambaa chenyewe:
kisima. Boriti. Nyumba tano zisizozidi chawa.
Na kitu ambacho ni ng'ombe
au ni doa la supu.

Bwana Brüning, muuza vitu vya kale,
aliinama na lenzi yake, akanusa, akakohoa.
"Ni nzuri. Kitani kizima. Ala ipo.
Hii penseli ndiyo inashusha bei."
Akafungua mtoto wa meza, akatoa kifutio cheupe,
kipya, bado kina pembe zake nne.
"Lakini inafutika."

Wiebke ana moyo mkunjufu, kila mtu husema hivyo;
humpa jirani ngazi na asiidai.
Siku hiyo alikunja uso mpaka masikioni.
"Na kabati," aliuliza, "utalinunua shilingi ngapi?"
Yaani yuro. Shilingi ni yangu, imeniponyoka.

Wakapatana juu ya kabati.

Usiku, sahani za bati zikiwa sakafuni,
alijaribu kuirudisha ramani katika ala.
Mara ya kwanza ikatuna.
Mara ya pili Hildesheim ikatokeza nje kama ulimi.
Ina njia moja tu ya kukunjika,
na aliyeijua kalala makaburini, upande wa mashariki,
chini ya maua ambayo bado hayajanyauka.

Mara ya tatu aliikunjua yote, polepole,
na kutoka penye upenyo, kando ya kisima,
ikajitokeza chembe ya mkate wa shayiri nyeusi.
Wa Geesche? Wa Harm?
Mkate ukishakauka hausemi umri wake.

Alilowesha kidole aiokote.
Akasita.
Akaiacha palepale, mkabala na ng'ombe,
akakunja.